Geuka Penye Harufu

Baba alikataa ramani.
Miaka thelathini na mmoja ameendesha lori la bia
katika mabonde haya ya Frankonia,
mapipa yakigongana nyuma yake kama meno kwenye baridi;
ramani ya nini sasa, na macho yenyewe yamefunga duka?
"Zima hicho kiyoyozi, Roswitha. Teremsha kioo.
Nitakwambia pa kukata kona."

Basi tukaenda hivyo: mimi usukanini,
yeye kando yangu, pua dirishani kama mbwa wa mwindaji,
nyuma wanangu wawili na kapu la cheri
tulilouziwa na mama mmoja asiyepunguza hata senti.
Veit anatema mbegu nje, anazihesabu.
Annelie hahesabu kitu. Annelie ndiye macho.

"Kushoto kuna nini?"
"Mwamba, Babu. Mweupe. Mrefu kuliko kanisa."
"Una ufa?"
"Unao."
"Na msonobari umeota ufani, umepinda?"
Msichana akachungulia mpaka shingo ikamwuma.
"Upo. Ila siku hizi umenyooka kidogo."
Baba akapiga paja, akacheka hadi kikohozi:
mti unyooke uzeeni, mbona miye bado!

Kituo cha kwanza, bia yao ina moshi,
kimea hukaushwa juu ya kuni.
Annelie akanusa bilauri, akakunja uso:
"Soseji iliyoungua."
Mwenye kiwanda, Kreszentia, akatoka na aproni yake,
akasimama mlangoni mikono kiunoni.
"Ottmar! Lango langu ulilivunja mwaka wa themanini na sita.
Hujalipa."
"Liandike kwenye bili," baba akajibu,
akainua bilauri kuelekea pasipo na mtu.

Cha pili kimechimbwa ndani ya kilima,
mabenchi nje, baridi ya pango ikitutambaa miguuni.
Veit alikula figili iliyokatwa kama parafujo, akalia,
akaomba nyingine.
Mimi nilikunywa maji ya tufaha.
Dereva hana sikukuu.

Kisha mto, na gurudumu la kinu lisilosaga tena,
na shayiri kulia, shayiri kushoto.
"Imefika wapi?"
"Kiunoni kwangu, Babu."
"Rangi?"
"Kama nywele za Mama kabla hajazipaka."
Nilimtazama kwenye kioo. Hakuwa anatania.

Cha tatu ndicho alichokisubiri tangu asubuhi.
Hapo marehemu mama yangu aliosha chupa,
na kijana mmoja wa lori akajifunza
kushusha mapipa polepole kuliko ilivyohitajika.
Nilijua kimefungwa. Nilisoma gazetini majira ya baridi,
nikalikunja gazeti, nikawashia jiko.

Pua yake ikaanza kutafuta kilomita mbili kabla.
Haikupata.
"Upepo umegeuka," nikasema.
Lango lilikuwa na mnyororo, upupu hadi madirishani.
"Leo wanapumzika," nikasema.
"Na dohani?"
"Inatoa moshi, Baba. Kama kawaida."

Annelie alinikazia macho, akafumba mdomo.
Lakini Veit, midomo myekundu ya cheri,
alikwisha kutoa kichwa nje:
"Babu! Babu! Kuna korongo!
Amejenga juu ya dohani kabisa! Ana makinda watatu!"

Hakuna aliyesema kitu.
Injini ikawa inapoa, tiki, tiki.
Baba aliomba kushuka. Akapapasa ukuta
mpaka akafika kwenye ukingo wa jiwe la kushushia,
mahali lilipolika kwa mapipa, akatia kiganja
katika lile bonde dogo, likamtosha.
"Watatu?" akauliza.
"Watatu. Mmoja mvivu."
"Yuko hivyo kila mwaka mmoja."

Nilipomfunga mkanda aliniinamia sikioni,
bila hasira, kama anayenirudishia chenji niliyosahau:
"Korongo hatagi juu ya moto, mwanangu."
Halafu akageuza uso dirishani, akavuta pumzi.
"Kata kulia. Kuna mtu anaoka mkate."